Maswali ya Wasomaji: Kumwambia Mwingereza Kuwa Huna Kinyongo

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani wa kikundi cha akina mama wabanguaji wa korosho hapa Newala. Msimu uliopita mteja wetu wa Uingereza alituchelewesha malipo, tukajibizana kwa barua pepe, hatimaye akalipa na kuomba radhi. Sasa amerudi, nami ili kumtoa wasiwasi nikaandika "We have no hatred with you." Amejibu kwa mkato, kama aliyeshtuka. Je, ilikuwa bora niandike kwamba "We did not keep it in our hearts"?

JIBU: Marahaba. Uliyemwandikia ana haki ya kushtuka, kwa sababu "hatred" ni chuki hasa, ya kumtakia mtu mabaya, na anayeambiwa kwamba hachukiwi huanza kujiuliza alichukiwa lini. Hiyo ya moyoni nayo iache, maana kwa Mwingereza kinachotunzwa moyoni ni kipenzi, kama kumbukumbu ya marehemu mama, wala si ugomvi wa malipo.

Kinyongo ni "grudge", na huenda na vitenzi vyake maalumu: "hold", "bear", au "nurse", yaani kulea, kwa yule anayekibembeleza kinyongo chake kisije kikafa. Anayewekewa hutanguliwa na "against", kama katika "She holds a grudge against her brother." Usikichanganye na "begrudge", ambacho mara nyingi ni kumwonea mtu kijicho kwa alichopata.

Hata hivyo, usahihi wa neno hautakutoa hapo ulipo. "We don't hold it against you" ni sentensi safi, lakini ndani yake mna hukumu kwamba mwenzako alikosa nanyi mmemsamehe. Ingefaa siku ile alipoomba radhi, na leo itakuwa kufukua yaliyokwisha. "No hard feelings" ni nyepesi zaidi, ya watu wanaopeana mikono baada ya mashindano au ubishi, na kwa barua ya biashara naiona ya kimzaha mno.

Mimi ningeandika hivi: "Thank you for settling last season's payment. We are glad to be working with you again." Najua sisi wa Kusini tumezoea jambo lisemwe mbele ya wazee mpaka liishe, na mtani akiwepo alikoroge kwanza, hivyo kunyamaza huonekana kama kuficha, lakini katika barua ya namna hii, kutolitaja ndiko kusamehe kwenyewe.

Kama mnataka safari hii alipe mapema, hilo liwekeni peke yake, bila kugusa ya mwaka jana: "This season we ask for half the payment before we ship the nuts." Ni sharti la kawaida la biashara, wala usilitangulizie "sorry".