Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kuandika kwa Kujifurahisha

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda mrefu nimetamani kuandika baada ya saa za kazi, bila kutafuta fedha wala jina. Nimeanza insha juu ya marehemu mjomba wangu, fundi saa ambaye alikuwa akizuia pumzi kila alipoirudisha skrubu ya mwisho, nasi watoto tukizuia pumzi pamoja naye bila kuambiwa. Aya yangu ya kwanza ni hii: “Maisha ni safari ndefu yenye milima na mabonde, na kila binadamu ana wajibu wa kuacha alama njema duniani.” Baada ya hapo nimekwama. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, umekwisha kuanza, ila hukuanzia pale unapodhani. Aya uliyotuletea ingeweza kuandikwa na mtu yeyote juu ya marehemu yeyote, na ndiyo maana haikukupa sentensi ya pili. Maneno uliyoyapitisha haraka, ulipokuwa ukitueleza tu mjomba wako alikuwa nani, ndiyo insha yenyewe. Ndani yake mna mtu, mna mkono unaofanya kazi, mna watoto wanaotazama, na papo hapo msomaji anataka kujua yaliyofuata: skrubu ilipoingia, nani alikuwa wa kwanza kupumua? Mjomba alisema neno gani? Na saa, je, ilikwenda?

Nionavyo mimi, wengi wanaoanza hawapungukiwi na kipaji wala msamiati. Hupungukiwa na ujasiri wa kuamini kwamba jambo dogo walilolishuhudia wao wenyewe linastahili karatasi, hivyo hukimbilia maneno makubwa ya hotuba, ambayo huenda yaliwapatia alama nzuri shuleni lakini sasa yanawafunga mikono. Ifute aya hiyo bila huruma. Kisha eleza meza ya mjomba tu: kibano alikilaza upande gani, mwanga uliingilia wapi, vile vipande visivyozidi punje ya mchele aliviweka ndani ya nini visipotee. Usiandike kwamba alikuwa mvumilivu. Msomaji akiiona ile skrubu atalifahamu hilo peke yake. Na pale kumbukumbu inapokatika, sema ndani ya insha kwamba hukumbuki, kwa kuwa pengo linaloungamwa huaminika kuliko maelezo ya kubuni.

Kuhusu muda, usijiwekee masharti ya kishujaa. Maneno 100 kwa siku, ambayo ni aya moja ya wastani, hutimia 36,500 kwa mwaka. Ukiweza, acha ungali unajua sentensi inayofuata, ili kesho usikae mbele ya ukurasa mtupu, na usisahihishe siku ileile uliyoandika, maana anayesahihisha huwa na haraka ya kukata kabla anayeandika hajamaliza kusema.

SWALI: Mimi navutiwa na ushairi, lakini kila nikitunga naambiwa kwamba mashairi yangu hayana mizani. Je, ni lazima nifuate kanuni hizo hata kama naandika kwa kujiburudisha?

JIBU: Si lazima. Mizani ni hesabu ya silabi katika kila mshororo, na mashairi huru, yasiyofuata hesabu hiyo, yana nafasi yake katika fasihi ya Kiswahili, ingawa katika miaka ya 1970 yalizusha ubishi mkali, hata baadhi ya wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni za jadi, wakakataa kuyaita mashairi. Hata hivyo nakushauri ujifunze kanuni kwanza, kwa sababu moja ya ubinafsi kabisa: zinafurahisha. Unapotafuta neno la silabi tatu linaloishia na “mu”, utaokota maneno ambayo usingeyafikiria kamwe ukiwa huru.

Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kila mshororo kwa kawaida una mizani 16, iliyogawanywa katika ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili) wa mizani 8 kila kimoja. Chukua mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya jibu hili: “Nimeketi kuandika, usiku nina kalamu.” Uhesabu kwa vidole: ni-me-ke-ti-ku-a-ndi-ka, nane, u-si-ku-ni-na-ka-la-mu, nane. Kina, yaani silabi inayomalizia kila nusu, cha kati ni “ka” na cha mwisho ni “mu”, navyo vitakubana katika mishororo inayofuata. Wengi hukosea kwenye herufi “m”: katika “mtu” inabeba mizani yake yenyewe, hivyo neno lina mizani mbili, lakini katika “mbuzi” imeungana na “b”, na neno zima ni mizani mbili tu, mbu-zi. Sikio hulitambua hilo mapema kuliko jicho, kwa hiyo imba unapotunga, hata kwa sauti mbaya. Ukiona 16 ni nyingi, anza na utenzi, ambao mishororo yake huwa na mizani 8 tu.

SWALI: Naandika shajara, ila nahofia watu wa nyumbani wataisoma. Nifanyeje?

JIBU: Hofu yako ina wazee wake. Samuel Pepys, mtumishi katika utawala wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika shajara yake kuanzia 1660 hadi 1669 kwa hati mkato, na sehemu za aibu akazichanganya na maneno ya lugha za kigeni. Haikuchapishwa mpaka 1825, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake. Wewe huhitaji kufika huko. Kwenye simu, nywila inatosha. Kwenye karatasi, tumia kurasa zisizofungwa pamoja, ili yaliyo mazito uyaandike pembeni na kuyachana baada ya kuyasoma mara moja. Usilainishe maneno kwa kumwogopa msomaji wa kuvizia, kwa kuwa shajara ya namna hiyo hugeuka kuwa ratiba: nimeamka, nimekwenda kazini, nimerudi.