Kurkumini haikubali maji, nikiweka magadi inayeyuka. Niendelee?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma famasi, projekti yangu ni kurkumini niliyoitoa kwenye manjano. Kwenye maji inaelea tu kama vumbi, nikatia magadi kidogo ikawa nyekundu na yote ikayeyuka. Naweza kutengenezea dawa ya maji?

JIBU: Marahaba. Hiyo nyekundu isikufurahishe mdogo wangu. Imeyeyuka kweli, manake pH imepanda na molekuli zimepata chaji, ila hapohapo zinaanza kuvunjika. Hata kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.2 kwa joto la mwili, karibu asilimia 90 inakuwa imeharibika ndani ya nusu saa, sasa wewe uko kwenye magadi huko juu kabisa!

Kwa levo yako mi ningeanza na PVP K30, polima inayoyeyuka kwenye maji. Yeyusha kurkumini na PVP pamoja kwenye ethanoli, jaribu kurkumini moja kwa PVP tano kwa uzito, kausha kwa vakyumu mpaka ethanoli iishe kabisa, saga, chekecha. Tatizo kubwa la kurkumini ni fuwele zake, zimeshikana sana, sasa ndani ya polima molekuli zinakaa zimetawanyika hazipati nafasi ya kujipanga tena. Ubaya wake PVP inavuta unyevu balaa, chupa ikikaa wazi kwa hewa ya Dar fuwele zinarudi, so funga na silika jeli.

Saiklodekstrini, zile molekuli za sukari zenye umbo la pete zinazoibeba dawa ndani yake, nazo ni nzuri, ila tafuta aina ya haidroksipropili-beta. Beta ya kawaida yenyewe inayeyuka kama gramu 18 tu kwa lita, itakukwamisha mapema.

Kwenye kupima uyeyukaji ndo wengi wanajidanganya. Maji kuwa ya njano haimaanishi imeyeyuka, inaweza kuwa chembe ndogondogo zinaelea. Tumia maji yenye asidi kidogo, chota dakika ya 5, 15, 30, 60 na 120, chuja kwa filta ya maikromita 0.45, mililita za mwanzo mwaga maana filta nayo inanyonya dawa, halafu punguza ukali kwa ethanoli usome ufyonzaji wa mwanga kwenye spektrofotomita, nanomita 425 hivi. Usishangae kiasi kilichoyeyuka kikipanda fasta halafu kikashuka, hiyo ni fuwele zinarudi, iripoti kama ilivyo.

Na kuna mtu atakwambia weka pilipili manga. Ile piperini inazuia ini na utumbo kuiondoa kurkumini haraka, haigusi uyeyukaji kabisa, kwa hiyo kwenye ripoti usiichanganye na haya.