Kodi Niliyoambiwa Haipo

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa fizikia kutoka Dodoma aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimepata shule Sharjah, dirham 5,000 kwa mwezi, hakuna kodi. Niache kazi ya serikali?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu mwaka 2019 maneno yale yale, tena kwa furaha ile ile, niliyatamka mimi mbele ya mke wangu.

Mimi niliahidiwa dirham 5,500 na shule ya huko huko Sharjah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Nilichukua simu, nikazidisha kwa kiwango cha siku ile, nikapata zaidi ya shilingi milioni tatu, na usiku ule sikulala kwa kujenga nyumba kichwani. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo la kuuhesabu mshahara kwa shilingi, ilhali mchele, nauli na maji nilikuwa naenda kuvinunua kwa dirham. Dirham imefungwa kwenye dola ya Marekani, takribani 3.67 kwa dola moja, hivyo shilingi yetu ikishuka fedha unayotuma nyumbani hunona, lakini muuza vitunguu wa Sharjah hana habari na shilingi yako.

Ni kweli kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu haukati kodi ya mapato kwenye mshahara. Kodi ambayo hakuna aliyenitajia ni ya nyumba. Kule hupangishwa kwa mwaka, na mwenye nyumba hutaka hundi zenye tarehe za mbele, pengine nne, pengine sita. Nilifika Agosti nikiwa na dola 400, na mshahara wa kwanza kamili ulikuwa mwisho wa Septemba. Chumba nilichokipata, chenye jiko pembeni ya mlango na choo ndani, kilikuwa dirham 18,000 kwa mwaka: hundi ya kwanza 4,500, amana 1,000, na dalali, ambaye kazi yake yote niliyoiona ilikuwa kugeuza ufunguo, 900. Jumla 6,400 kabla sijanunua hata godoro. Kwa wiki tano nililala kitanda cha juu katika chumba cha watu sita, nikipiga pasi shati juu ya sanduku saa kumi na moja alfajiri ili nisiwaamshe wenzangu, mpaka mwalimu mmoja Mmisri aliponikopesha.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, uliza nyumba kabla ya kuuliza mshahara. Shule inayokupa makazi na dirham 4,000 inaweza kukuachia zaidi ya ile inayokupa 5,500 mkavu.

Aprili 2020, masomo yakiwa yamehamia mtandaoni, shule ilitupunguzia mshahara kwa robo. Hundi ya nyumba haikupungua hata dirham moja, na wakati ule hundi kukosa fedha benki ilikuwa kesi ya jinai. Wenzangu niliowaacha Moshi, ambao walikuwa wakilipwa kamili, walinitumia salamu: "Vipi, Mwarabu?" Nilicheka nao. Bado linanikera.

Jambo la pili ni mshahara wa msingi. Dirham 5,500 zangu ziligawanywa: 2,750 za msingi, nyingine posho ya nyumba na usafiri. Sikuona ubaya wake hadi nilipoondoka mwaka 2022. Kiinua mgongo ni siku 21 za mshahara kwa kila mwaka wa miaka mitano ya mwanzo, na siku hizo huhesabiwa kwa ule wa msingi pekee, kwa hiyo miaka mitatu ilinipa dirham 5,775 badala ya 11,550 nilizokuwa nimekwisha kuzipangia mabati. Kumbuka pia kwamba serikali humchangia mtumishi wake asilimia 15 ya mshahara katika PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Mgeni kule hana pensheni, hivyo asilimia hiyo iongeze kwenye mshahara wako wa Dodoma ndipo ulinganishe.

Wapo watakaokuambia uende na familia, kwa kuwa kwa mshahara wa dirham 4,000 sheria inaruhusu. Sheria haikulipii ada ya mtoto wala kiyoyozi cha Julai. Walimu tunafundisha wanafunzi kuonyesha njia ya hesabu, halafu maisha yetu tunayaendesha kwa jibu tulilosikia kwa jirani! Tuache hiyo tabia.

Wala nisieleweke vibaya. Nyumba ipo Kibaha, vyumba vitatu, imeezekwa, na ni dirham zilizoijenga. Lakini ilianza kupanda mwaka wa tatu, nilipokubali kugawana chumba na yule Mmisri.

Kijana wa Dodoma nilimjibu kwamba anitumie mkataba, si tangazo. Jana jioni alinitumia picha ya ukurasa wa tatu. Makazi hayamo, na mshahara wa msingi ni dirham 1,800.