Alama za Mama: usizichore upya mwenyewe

Ukimsindikiza mgonjwa wa saratani kutoka hapa Lubumbashi kwenda Zambia kwa tiba ya mionzi, usishangae: siku ya kwanza hapewi mionzi. Anapigwa picha na kuchorwa alama.

Mama yangu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Walimlaza chali juu ya kitanda kigumu cha skana, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, kibofu kimejaa maji, mistari ya mwanga wa leza ikimpita tumboni. Ilipokatana, mahali pamoja chini ya kitovu na pawili ubavuni, kulia na kushoto, fundi alichora misalaba kwa wino, akabandika juu yake vipira vya madini ya risasi, vidogo kuliko punje ya pilipili manga. Risasi inang'aa kwenye skana, kwa hiyo wapangaji wa tiba wanaziona alama ndani ya picha yenyewe. Kwenye emarai (MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku) risasi haifai. Hubandikwa vidonge vya mafuta ya samaki, vyenyewe vinaonekana vyeupe.

Nilidhani msalaba unaonyesha uvimbe ulipo. Sivyo. Ni mahali pa kuanzia kupima. Kila siku ya tiba mgonjwa analazwa vilevile, anasogezwa mpaka misalaba ileile ilingane na mistari ya leza za chumba cha mashine, ndipo mionzi inafuata hesabu iliyopangwa.

Sasa kosa langu. Jumamosi Mama alioga kwa sabuni na dodoki, msalaba wa kulia ukafifia. Nikaogopa tutagombezwa, nikachukua biki nikaurudishia. Jumatatu fundi aliona mara moja kwamba haulingani na mwenzake wa kushoto. Tulirudishwa kwenye skana, tukapoteza siku mbili, na pesa ya malazi ikiyeyuka.

Alama ikififia, iache, ukaseme. Oga kwa maji bila kusugua pale, usipake mafuta, epuka mkanda na kitenge cha kubana kiunoni. Na mgonjwa akipungua mwili, sema pia: ngozi inalegea, alama zinahama nayo. Mama alipoacha kumaliza bukari (ugali) yake, nilimwambia fundi kabla hajaniuliza.

Mwanzoni walikuwa wamempa chaguo la vitone vya kudumu, vya wino na sindano. Akakataa, akisema ataonekana kama aliyechanjwa chale na mganga. Baada ya ile Jumatatu alinyoosha mwenyewe kanga yake na kusema, "Wachome tu, mwanangu." Ilichukua dakika chache.