Habari potofu au habari potoshi?

SWALI: Kwenye mafunzo ya kutambua uongo mtandaoni, mwezeshaji alitamka "habari potofu", lakini kitini alichotugawia kimeandikwa "habari potoshi". Ni kitu kimoja, au mojawapo ni kosa la chapa?

JIBU: Yote mawili ni sahihi, ila si kitu kimoja. Potofu limetokana na kupotoka, kama nyofu na kunyooka, au tukufu na kutukuka. Linataja hali ya kitu chenyewe: habari potofu imekwenda kombo. Potoshi limetokana na kupotosha, nalo linataja kile ambacho habari inamfanyia msomaji. Ni kama mtu mchovu na kazi choshi.

Chukua picha ya daraja lililoanguka miaka kumi iliyopita, irushwe leo kwa maneno haya: "Daraja limeporomoka!" Daraja ni la kweli, kuporomoka liliporomoka, picha haijaguswa. Hapo hakuna kilichopotoka, lakini msomaji amepotoshwa. Hila yote imebebwa na -me-, kiambishi kisichodai tarehe. Angeandika "liliporomoka", papo hapo ungeuliza: lini? Ndiyo maana mimi huogopa zaidi habari potoshi. Ile potofu ukiikagua utalikuta kosa. Potoshi unaweza kuikagua neno kwa neno na ikapita.

Angalia pia kauli ya kutendwa isiyo na mtenda: "imethibitishwa", "imegunduliwa", "inadaiwa". Na nani? Sarufi yetu inaruhusu kumwacha mtenda, na wazushi wanaitumia ruhusa hiyo vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

Kuhusu nia, hakuna kati ya maneno yako mawili linaloitaja. Hata anayesambaza bila kujua anapotosha. Ukitaka kusema mtu amekusudia, Kiswahili kinalo neno uzushi. Uvumi hauna mwenyewe, unavuma tu kama upepo. Uzushi haukosi mzushi, maana kuzusha ni kufanya jambo lizuke, na lazima awepo wa kulizusha.

Kwa hiyo kitini chenu hakijakosea. Ila kama somo lilihusu wanaodanganya kwa kukusudia, mimi ningekipa kichwa "Kutambua uzushi na upotoshaji wa makusudi", na potofu ningeliacha kwa yule aliyeandika Jumanne akimaanisha Jumatano.