Kabla ya kuomba uwakala wa visu, jua kampuni inatazama nini

Wenye maduka ya vyombo hapa Unguja wananiuliza mara kwa mara njia ya kupata uwakala wa visu vya kampuni zenye jina, hasa kwa kuwa wapishi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hutaka kisu cha kampuni fulani na hawaridhiki na kisu chochote kinachokata. Wengi wao wanaamini kwamba kinachohitajika ni mtaji, na kwamba mtu akiwa na fedha ya mzigo hawezi kukataliwa. Kwa uzoefu wangu wa kuuza visu mjini, na wa kuandikiana na wasambazaji wa nje hadi baadhi yao wakanikubali, mtaji ni sharti la kuingilia mlangoni tu. Swali ambalo kampuni hulitafutia jibu ni jengine: kisu kikishatoka dukani kwako, jina lao litakuwa salama?

Ili kulielewa swali hilo inafaa kujua umri wa majina yenyewe. Zwilling ya Solingen, Ujerumani, ilisajili alama yake ya pacha mwaka 1731. Wüsthof, ya mji huo huo, ilianzishwa mwaka 1814, na Victorinox ya Uswisi ilianza kama karakana ya Karl Elsener mwaka 1884. Hata jina la mji wa Solingen limewekewa sheria: tangu mwaka 1938 Ujerumani inakataza kuliandika kwenye kisu ambacho hatua kuu za utengenezaji wake hazikufanyika huko. Watu waliofika hadi kutungiwa sheria kwa ajili ya jina hawatakubali kisu chao kilale kwenye kabati moja na cha bandia. Nami nimeshashika mkononi visu vilivyopigwa chapa ya Solingen huku herufi zimekwenda upande na mpini unacheza kabla hata ya kununuliwa. Kwa hiyo, kama dukani kwako una bidhaa za namna hiyo, ziondoe kabla ya kuandika barua ya maombi, kwa sababu picha za kabati ni miongoni mwa vitu vya mwanzo utakavyotakiwa kupeleka.

Msambazaji mmoja alimtuma ofisa wake kuja kutazama duka. Nilikuwa nimeandaa leseni, cheti cha usajili, namba ya mlipakodi na taarifa za benki, zote zimepangwa kwenye jalada, naye akalifunua jalada kwa heshima na kulifunga. Kisha akaomba afunguliwe kabati, akatoa kisu kimoja, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga na kuchungulia pale bapa linapoingia kwenye mpini. Ndipo mahali ambapo hewa ya chumvi ya kisiwa hiki huanza kutoboa vidoa vya kutu, hata kwenye chuma ambacho muuzaji anaapa kwamba hakishiki kutu. Visu vyetu hufutwa kwa kitambaa chenye tone la mafuta na kuwekwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na ninashauri kila mwenye duka la pwani afanye hivyo, awe ana uwakala au hana. Kisha ofisa akamgeukia kijana wangu wa dukani, wala si mimi, akamuuliza kisu kile kinafaa kukatia nini na hakifai kukatia nini.

Swali hilo la pili ndilo lenye uzito. Visu vya Kijerumani vya aina ya Wüsthof vina ugumu wa takriban 58 kwa kipimo cha Rockwell, na vya Kijapani vya chuma cha VG-10 hufika 60 na zaidi. Chuma kigumu hushika makali kwa muda mrefu, lakini kikigongeshwa kwenye mfupa ukingo wake humeguka badala ya kupinda. Kwetu sisi, ambako kisu kimoja hutazamiwa kumenya muhogo, kukata pweza na kupasua kichwa cha nguru, na pengine mgongo wake ukatumika kuvunjia nazi, tofauti hiyo si ya vitabuni. Mteja akirudi na kisu kilichomeguka hudai kibadilishwe, na asipobadilishiwa huwatangazia majirani kwamba kisu cha bei mbaya kimevunjika kwa samaki. Dhamana ya kampuni kwa kawaida huhusu kasoro za kiwandani na haihusu matumizi mabaya, kwa hiyo lawama zote hubaki kwa jina.

Ndiyo maana kampuni humpenda muuzaji anayeuliza kabla ya kuuza. Bibi mmoja wa Mkunazini alikuja kununua kisu chembamba cha Kijapani ampelekee mwanawe zawadi ya harusi. Kijana akamwamkia, akamuuliza nyumba ile inapika nini zaidi. Bibi alipotaja samaki wakubwa, akamwambia: "Bibi, hiki ni cha minofu na mboga. Kwa nguru chukua kile kizito, na bei yake iko chini." Mauzo ya siku ile yalipungua, lakini mauzo ya namna hiyo ndiyo ninayoyaeleza kwenye barua zangu kwa wasambazaji, na ndiyo wanayoyarudia wanaponijibu. Ukiweza, ongeza huduma ya kunoa dukani kwa mawe ya kinoo, na umfundishe mtu mmoja aijue kazi hiyo sawasawa. Fundi wa kupita na tupa yake ya umeme hula chuma kwa haraka na kuacha ukingo una mawimbi, na mwenye kisu hatamlaumu fundi.

Jambo jengine ambalo kampuni hulitazama kwa jicho kali ni bei, na hapa wafanyabiashara wetu wengi hutishika bure. Kampuni nyingi, hasa za Marekani, huweka kiwango cha chini cha bei ya kutangaza: muuzaji haruhusiwi kutangaza bidhaa kwa bei iliyo chini ya kiwango hicho. Desturi hiyo ina mizizi mirefu katika sheria zao. Tangu kesi ya Colgate ya mwaka 1919, mtengenezaji anaweza kutangaza masharti yake mapema na kukataa kumwuzia asiyeyafuata, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba makubaliano ya bei ya chini kabisa ya kuuzia si haramu moja kwa moja bali yapimwe kwa athari zake. Ulaya ni tofauti: humo kumpangia muuzaji bei ya kuuzia ni kosa zito, lakini kampuni inaruhusiwa kuchagua wauzaji kwa vigezo vya ubora, kama vile sura ya duka na ujuzi wa wafanyakazi, alimradi vigezo hivyo vitumike kwa wote bila ya ubaguzi. Sheria hizo hazifiki Darajani, lakini mikataba tunayoletewa huandikwa na mawakili waliozizoea.

Sasa, sisi ni watu wa kupatana bei. Mteja asiyepunguziwa hata kidogo huona amedharauliwa. Soma sharti lenyewe kwa utulivu: mara nyingi linazungumzia bei inayotangazwa, yaani ile uliyoiandika kwenye Instagram, kwenye hali ya WhatsApp au kwenye bango la nje, na halizungumzii maneno kati yako na mteja aliyesimama mbele ya meza. Muulize msambazaji aliseme hilo kwa maandishi. Mimi huweka bei kamili kwenye tangazo, na nafuu ninayotoa dukani huwa ni kunoa bure mara ya kwanza au kifuniko cha bapa. Wasambazaji hawajawahi kulalamikia hilo, na wateja hutoka wameridhika.

Kuhusu mauzo ya mtandaoni nitasema machache. Mwaka 2017, katika kesi ya Coty, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba kampuni ya bidhaa za fahari inaweza kuwakataza wauzaji wake walioidhinishwa wasiuze kupitia masoko ya mtandaoni ya watu wengine. Usishangae basi ukikuta kifungu kinachokuruhusu kuuza kwa ukurasa wako mwenyewe na kukukataza kuweka bidhaa kwenye soko la jumla la mtandaoni.

Uliza mapema pia ni nani atakayeuzia hoteli. Kampuni nyingi hutenganisha visu vya nyumbani na visu vya jikoni za kazi, ambavyo huwa na mipini ya plastiki ya rangi mbalimbali ili buluu itumike kwa samaki mbichi, nyekundu kwa nyama mbichi na kijani kwa saladi na matunda. Msambazaji anaweza kukupa uwakala wa vya nyumbani na kujibakishia hoteli mwenyewe. Kwa duka la Unguja hilo ni kama kupewa ganda la embe, kwa hiyo lijue kabla hujalipia mzigo.

Nililolipigania zaidi kuliko yote ni mipaka ya eneo. Mkataba ukiandikwa "Tanzania" bila ya ufafanuzi, utakuja kusikia kwamba yuko mwenye haki pekee Dar es Salaam na kwamba wewe ulitakiwa kununua kwake. Msambazaji mmoja alinijibu hivyo baada ya miezi ya kuandikiana, wakati yule wa Dar hakuwa na duka wala mteja hata mmoja visiwani. Nilichokifanya ni kueleza kwa barua mambo ambayo watu wa Ulaya aghalabu hawayajui: kwamba alama za biashara Zanzibar husajiliwa hapa hapa, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, mbali na usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, kwamba kiwango cha kawaida cha VAT Bara ni asilimia 18 na chetu ni 15, na kwamba mzigo ulioshushwa bandari yetu ya Malindi una taratibu zake za forodha ukivushwa kwenda Bara. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyowatuliza, kwa sababu hofu yao kubwa ni bidhaa kupenya kutoka eneo la wakala mmoja kwenda la mwengine na kuvunja bei. Waliandika "Unguja na Pemba" kwenye kiambatanisho, nami nikatia saini kwamba sitauza kwa jumla nje ya visiwa.

Usimwandikie mwenye kiwanda ukimruka msambazaji wa kanda. Barua yako itateremshwa kwa huyo huyo uliyemruka. Kiasi cha chini cha oda ya kwanza kinajadilika kuliko wanavyokionesha, hasa ukikubali kulipa kabla ya mzigo kuondoka na kuchagua aina chache zinazotoka badala ya katalogi nzima.

Kifungu cha mwisho cha kuangalia ni cha kuvunja mkataba, ambacho mara nyingi humpa msambazaji haki ya kukuacha kwa taarifa fupi na hakisemi lolote kuhusu visu vilivyobaki kabatini. Mimi huomba iandikwe kwamba atanunua masanduku ambayo hayajafunguliwa, au ataniachia muda maalumu wa kuyamaliza nikiwa bado naruhusiwa kutumia jina na picha zake. Wengi hulikataa la kwanza na kulikubali la pili, na la pili linatosha kuanzia kazi.