Muulize Fundi: Programu gani ya kutyuni kompyuta ya gari, na mafuta ya Dar yatakubali?

Maswali ya kutyuni, yani kubadilisha mipangilio ya kompyuta inayoendesha injini ya gari, yamekuwa mengi mwezi huu, kila mtu anataka jina la programu. Nimechagua manne yanayobeba ya wengine.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nina Forester XT ya 2004, 2.0 turbo, otomatiki, imetoka Japani. Nimefunga eksozi kubwa kuanzia kwenye turbo mpaka nyuma na nimetoa boksi la filta nikaweka filta ya koni. Washkaji wananiambia nishushe programu ya RomRaider ni bure, alafu niweke mapu (faili la mipangilio ya kompyuta) ya jamaa wa Australia mwenye gari kama yangu. Fundi mmoja wa Kinondoni anasema nitoe kompyuta yote nifunge Haltech, kompyuta ya kununua. Nimfuate nani? – Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka, usimfuate hata mmoja, ila washkaji zako wamekaribia kidogo. Subaru za miaka hiyo zina bahati mana watu duniani wameshazichimba kompyuta zake mpaka mwisho, kwahiyo huna haja ya kununua kompyuta mpya. EcuFlash ndio inatoa faili kwenye gari na kulirudisha, RomRaider ndio unafungulia hilo faili kurekebisha na kuchukua logi (rekodi ya namba za sensa gari likitembea), zote hulipii. Unachonunua ni kebo ya Tactrix Openport 2.0, na hapo nunua orijino, kebo ya kuigiza ikikatika katikati ya kuandika unabaki na gari haliwaki. Kwenye gari lako kuna soketi za kijani chini ya dashibodi, zinaunganishwa kabla ya kuflashi (kuandika faili kwenye kompyuta), usipoziunganisha kompyuta haikubali kuandikwa. Na faili lazima lilingane na namba ya utambulisho ya kompyuta yako, sio jina la gari tu, Forester mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na namba mbili tofauti.

Sasa hiyo mapu ya Australia iache kabisa, na sababu ya kwanza ni mafuta. Subaru turbo za soko la Japani zimepangwa kiwandani kwa petroli yao ya juu, ambayo kiwango chao kinataka okteni (uwezo wa mafuta kuzuia injini kugonga) isiyopungua 96, wakati ya kawaida kule inaanzia 89. Huyo jamaa kaipanga mapu yake kwa petroli ya sheli ya kwao, kwa hali ya hewa ya kwao, na kwa eksozi ya kwake. Wewe unajaza Tabata au Buguruni alafu unakaa foleni jua la saa nane, intakula (kipoza hewa ya turbo) ya Forester iko juu ya injini inapikwa na joto la chini, ukitoka kwenye foleni ukakanyaga hewa inayoingia tayari ni ya moto. Taimingi (muda wa plagi kupiga cheche) iliyokuwa sawa kwake kwako injini inagonga, yani mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda, na huko kugonga kwa ndani mara nyingi hukusikii kwa sikio mpaka ringi zimevunjika.

Kwahiyo kabla hujabadilisha namba hata moja, chukua logi ya gari lilivyo. Angalia kitu RomRaider inakiita IAM, hicho ndo kinakwambia kompyuta ina imani kiasi gani na mafuta uliyoweka. Kompyuta za biti 32 ikiwa na afya inakaa 1, zile za biti 16 inakaa 16. Ukishatoa betri au kuflashi inaanzia nusu alafu inapanda yenyewe ukiendesha, sasa kama siku zinapita haipandi, au ilikuwa juu ikashuka, gari linakwambia linagonga, na hapo hakuna cha kuongeza busti (presha ya hewa ya turbo), unatafuta kwanini. Mafuta mabaya, plagi zimechoka, mpira wa busti unavuja, hewa ya uongo inayopenya kwenye nyufa.

Na hiyo filta ya koni ndo inanitia wasiwasi kuliko yote. Subaru inapima hewa kwa sensa iliyokaa kwenye bomba la boksi la filta, na kompyuta imefundishwa kwa upana wa bomba lile. Ukibadilisha bomba, hewa inapita nyingi sensa inaripoti kidogo, kompyuta inamwaga mafuta ya hewa kidogo, ukikanyaga unatembea na mchanganyiko mkavu. Rudisha boksi la kiwandani na filta mpya, kwa nguvu unazotafuta wewe linatosha kabisa. Eksozi iache, ila jua kwamba eksozi iliyo wazi inafanya turbo ipandishe busti kupita ilivyopangwa mana westigeti (mlango wa kupitisha moshi pembeni ya turbo) inashindwa kumwaga, kwahiyo kwenye logi busti iangalie kwa jicho kali na kwenye mapu uishushe kwanza.

Hela unayotaka kuweka kwenye vitu kama koni nunulia sensa ya oksijeni ya waidibendi (inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa upana) na geji yake. Ukitembea taratibu mchanganyiko ni hewa 14.7 kwa mafuta 1, ukikanyaga mpaka mwisho kwenye turbo unataka kuona maeneo ya 11 hivi, na sensa ya kiwandani haiaminiki huko juu. Bila waidibendi unabahatisha, na mimi fundi anayetyuni turbo bila kupima mchanganyiko simpi funguo ya gari langu. Vipimo vya kukanyaga mwisho fanyieni kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), sio Morogoro Road usiku.

Haltech ni kompyuta nzuri, Link pia, na MegaSquirt kwa mwenye mfuko mdogo na muda mwingi. Lakini hizo zina kazi yake, gari la mashindano, injini iliyohamishiwa bodi nyingine, au umebadilisha turbo na injekta mpaka ya kiwandani imeishiwa. Gari lako ni otomatiki, kompyuta ya injini inaongea na ya gia boksi kila sekunde, ukiitoa utaanza kuhangaika gia zinagonga, silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, AC ikiwaka gari inataka kuzima, na yote hayo kiwandani yalishatatuliwa. Baki na yako. Na faili la asili likishatoka kwenye gari liweke kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwenye barua pepe yako, kabla hata ya kulifungua kuliangalia.

SWALI: Mambo fundi. Kuna kidude kinachomekwa chini ya usukani wanasema kinatyuni kompyuta chenyewe na kupunguza mafuta. Nina IST ya 1.3 inatumia sana siku hizi, ninunue? – Dada wa Sinza

JIBU: Usinunue dada yangu. Vile vidude vinawasha taa tu, haviandiki chochote kwenye kompyuta ya IST, na hata ingewezekana, injini ndogo isiyo na turbo haina cha maana cha kuongezwa kwa programu, kiwandani walishamaliza. Kama inatumia kuliko zamani kuna kitu kimechoka. Anza na upepo wa tairi, filta ya hewa, plagi, kusafisha throto, alafu sensa ya oksijeni, na angalia breki kama hazishiki tairi likizunguka. Ukitaka kifaa cha kusoma mwenyewe kwa simu kuna adapta za ELM327 za bei ndogo, ila uliza kwanza ijaribiwe kwenye gari lako, Toyota nyingi za soko la Japani za miaka ya mwanzoni mwa 2000 zina tundu lile lile lakini hazielewani na hizo adapta.

SWALI: Bro mimi ni fundi umeme wa magari Gerezani, nasoma folti (kodi za hitilafu) na kubadilisha sensa, nataka niingie kwenye kutyuni. Kuna mtu ananiuzia KESS (kifaa cha kusoma na kuandika kompyuta) ya kopi pamoja na WinOLS (programu ya kurekebisha faili) iliyovunjwa ulinzi, bei ya kutupa. Nichukue nianze nayo? – Fundi kijana, Gerezani

JIBU: Mdogo wangu hiyo biashara ikatae, nakwambia kwa kukutakia mema. Kifaa cha kopi kinaweza kusoma vizuri leo, kesho kikaandika nusu faili kwenye gari la mteja, na mteja hatomtafuta aliyekuuzia, atakutafuta wewe. Programu iliyovunjwa nayo huna pa kuuliza ikikosea cheksamu (namba ya kuhakiki faili), na cheksamu ikiwa sio sahihi gari haliwaki au linaingia kwenye hali ya kujilinda.

Cha kwanza angalia mlangoni kwako yanaingia magari gani, mana vifaa vingi vya Ulaya vimejengwa vikilenga kompyuta za Bosch na za wenzake, ukija na BMW au Golf GTI vinafanya kazi haraka, lakini magari yako mengi ni Toyota, ndani kuna kompyuta za Denso au Fujitsu Ten, na Toyota nyingi za miaka ya 90 kompyuta zake haziandikiki kabisa. Kwa Wajapani wengi PCMFlash inasaidia, kwa Wazungu kuna Alientech ya Italia ambao KESS3 yao imeunganisha kazi za KESS na K-TAG za zamani, na kuna Autotuner. Kabla ya kulipa omba orodha ya magari wanayoyakubali ukae nayo, weka tiki kwenye yale unayoyaona Gerezani kila siku. Tiki zikiwa chache achana nacho hata kama kila mtu anakisifia.

Njia za kuingia ni tatu. Ya tundu la OBD (la kuchomekea mashine ya kusomea) ndo nyepesi, hufungui kitu. Ya mezani unatoa kompyuta unaunganisha waya kwenye pini zake bila kuifungua. Ya kufungua kompyuta yenyewe na kugusa bodi ndani ni ya mwisho, kwa kompyuta zilizofungwa milango mingine, na huko usiende mpaka mkono wako uwe mtulivu na uwe umeharibu za kufanyia mazoezi ulizonunua chakavu, sio ya mteja. Kwenye zote tatu umeme usicheze. Chaja ya kawaida ya betri haitoshi, tafuta pawasaplai inayoshikilia volti bila kuyumba, na umeme wa mtaa ukiwa unakatika katika siku hiyo usiandike kitu.

Kuhusu kurekebisha faili, WinOLS ya EVC ya Ujerumani ni kubwa lakini inakuonesha namba tupu kama huna maelezo ya faili, utakaa mbele yake hujui jedwali la busti ni lipi. ECM Titanium inakutajia majedwali kwa majina, kwa anayeanza ni nafuu ya kichwa. TunerPro ni ya bure, ichukue leo ujifunze nayo kusoma majedwali. Na ushauri wangu kabisa, anza kama msaidizi, yani unanunua kifaa orijino cha kiwango cha chini kinachosoma na kuandika tu, faili unamtumia mtyunaji mwenye uzoefu anakurekebishia unamlipa kwa kila gari. Wengi wanaona aibu kufanya hivi. Mimi naona ndo shule, unalinganisha faili la asili na alilorudisha, unaona kagusa wapi na kiasi gani, na magari ya watu yanabaki mazima.

SWALI: Ndugu mhariri, nina Prado ya dizeli injini 1KD, inatoa moshi mweusi na imepoteza nguvu mlima wa Kimara. Fundi anasema ataifuta EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) kwenye kompyuta na kuongeza nguvu hapo hapo. Ni salama? – Mzee wa Mbezi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naomba usikubali kwanza. EGR ikigandia wazi kweli inaleta moshi mweusi, lakini moshi huo huo unaletwa na injekta zilizochoka, filta ya hewa iliyoziba, au mpira wa turbo uliopasuka, na kuifuta kwenye kompyuta kunazima taa tu, tatizo linabaki ndani. Kibaya zaidi ni hiyo ya kuongeza nguvu, mana 1KD inajulikana kwa pistoni kupasuka pale injekta zinapomwaga vibaya, ukiiongezea mafuta ikiwa hivyo unaharakisha safari ya kufungua injini. Akague mipira ya turbo, afungue EGR aisafishe kwa mkono, alafu injekta zote 4 zitolewe zipelekwe kwa mafundi pampu wakazipime kwenye mashine, wakupe majibu ya kila moja kwenye karatasi. Itakayokuwa mbovu itengenezwe au ibadilishwe, ukiifunga namba yake mpya iingizwe kwenye kompyuta, mana injekta za 1KD zina namba za marekebisho na fundi wako wa mashine ya kusomea anaweza kuziingiza hapo hapo.